Mtoto, simu na sitara ya nyumba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wazazi wa Kiislamu wa Tanga

Maswali haya yametoka kwa wazazi wanaowaleta watoto wao chuoni kwetu, yaani madrasa yetu, Ngamiani, jijini Tanga. Wengi huyauliza baada ya Alasiri wanapokuja kuwachukua wadogo, na wengine huyanong'ona kando ya mlango, kwa sababu jambo lenyewe limekwisha kuwafika nyumbani. Nimeyajibu kama mwalimu wa chuo na kama mama wa watoto watatu wanaogawana simu moja. Mambo ya kifundi niliyoyaeleza nimeyajaribu mwenyewe kwenye simu za kawaida za Android, ambazo ndizo zilizojaa majumbani mwetu.

Mtoto apewe simu janja akiwa na umri gani?

WhatsApp, Facebook, Instagram na TikTok zote zimeweka masharti kwamba anayejiunga awe ametimiza miaka 13, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Wazazi wengi huuliza kama baleghe inatosha kuwa kipimo, kwa kuwa mtoto aliyebaleghe ameshaandikiwa Sala na Saumu. Jibu langu huwa ni aya ya 6 ya Suratun Nisaa, inayowazungumzia mayatima na mali zao. Humo walezi wameamrishwa wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, kisha wakiona kwao busara ndipo wawakabidhi mali yao. Baleghe imetajwa, na busara imetajwa peke yake, na kati ya viwili hivyo limewekwa jaribio. Binti aliyebaleghe akiwa na miaka 11 bado ni mtoto mbele ya mtu mzima mwenye maneno matamu.

Kwa hiyo mjaribu kidogo kidogo. Anayetoka Duga kwenda shule ya mbali na kuhitaji kukupigia akikosa daladala, kitochi kinamtosha. Ukifika wakati wa simu janja, aanze na yako, akiwa sebuleni, kwa saa uliyoipanga. Usimsaidie kudanganya mwaka wa kuzaliwa anapofungua akaunti, hata akilia kwamba wenzake wote wamefanya hivyo. Akaunti ya TikTok ya aliye chini ya miaka 16, kwa mfano, hufungwa tangu mwanzo isionwe na kila mtu, na ujumbe wa faragha hauruhusiwi. Mtoto aliyejiandika kuwa na miaka 20 amezikataa kinga hizo zote kwa mkono wake, na wewe ukiwa umekaa pembeni.

Je, kukagua simu ya mtoto si upelelezi uliokatazwa?

Swali hili ni zito na ninafurahi wazazi wanapoliuliza, maana anayeuliza hivi anamheshimu mtoto wake. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat inakataza watu kupelelezana. Upande wa pili ipo hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na kila mmoja ataulizwa kuhusu alichokichunga. Mchunga hafumbi macho, lakini pia hajifichi kichakani kuwavizia mbuzi wake mwenyewe.

Njia ninayoiona ya haki ni ile tuliyolelewa nayo sote katika pwani hii, nayo ni hodi. Aya ya 58 ya Suratun Nur imewafundisha hata watoto wasiobaleghe kuomba ruhusa katika nyakati tatu, ambazo ni kabla ya Sala ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapopumzika, na baada ya Isha. Basi mzazi naye apige hodi. Siku ya kumkabidhi simu mwambie wazi: "Mwanangu, simu hii ni ya nyumba, na Ijumaa baada ya chakula cha mchana tutaifungua pamoja." Kisha mwifungue pamoja kweli, yeye akiishika na wewe ukitazama, akueleze nani ni nani. Kwa mtoto wa miaka 9 utatazama kila kitu. Kwa kijana wa miaka 16 utauliza zaidi kuliko kusoma, na siri za rafiki zake ambazo hazina madhara utaziacha zibaki zao.

Kuchukua simu usiku mtoto amelala na kusoma kila neno kuna gharama kubwa kuliko wazazi wanavyodhani, kwa sababu siku akigundua, na atagundua, atafungua akaunti ya pili usiyoijua. Ninaikubali njia hiyo panapokuwa na dalili ya hatari ya kweli, kama vile mtoto kukosa usingizi, kuacha kula au kuwa na fedha zisizojulikana zilikotoka.

Ni mipangilio gani ya simu inayosaidia, hasa kwa mzazi asiye fundi?

Anza na Family Link ya Google, ambayo ni ya bure. Unaiweka kwenye simu yako na kuiunganisha na akaunti ya mtoto, na baada ya hapo programu mpya haiingii mpaka uiruhusu, saa za kutumia unazipanga wewe, na usiku simu inajifunga.

La pili halijulikani sana, nalo huchukua dakika mbili. Kwenye simu zenye Android 9 au zaidi, ingia kwenye mipangilio ya mtandao, tafuta sehemu ya DNS ya faragha (Private DNS), yaani huduma inayoitafutia simu anwani za tovuti, chagua kuandika jina la mtoa huduma, kisha andika family.cloudflare-dns.com na uhifadhi. Kuanzia hapo tovuti nyingi za picha chafu hazifunguki kwenye simu hiyo, iwe inatumia bando au Wi-Fi ya jirani. Haikatizi salio wala haipunguzi kasi kwa namna utakayoihisi. Ijulikane hata hivyo kwamba kizuizi hiki hakioni kinachopita ndani ya WhatsApp au TikTok, na kijana mjanja anaweza kukiondoa, kwa hiyo ukitazame kila mnapoifungua simu pamoja.

Ndani ya WhatsApp fanya mambo mawili. Kwenye faragha, weka kwamba wanaoweza kumwingiza mtoto kwenye grupu ni watu aliowahifadhi tu, kwani bila hivyo mtu yeyote mwenye namba yake anaweza kumtumbukiza katika grupu la watu mia mbili asiowajua. Kisha zima upakuaji wa picha na video unaojifanya wenyewe. Mama mmoja wa Makorora alinionyesha matunzio ya simu yake yakiwa na video ya aibu katikati ya picha za harusi ya mdogo wake. Hakuifungua wala hakuiomba, ila ilirushwa kwenye grupu la mchezo wa fedha, ikajipakua, na mwanawe wa miaka 6 ndiye aliyeiona wa kwanza.

Kwa mdogo kabisa, yule anayepewa simu ili mama amalize kukuna nazi, ifungue YouTube Kids kisha uibandike programu hiyo kwenye skrini kupitia mipangilio ya usalama, asiweze kutoka kwenda kwingine bila namba yako ya siri.

Mtoto wangu hana bando. Je, yuko salama?

Hayuko salama kwa sababu hiyo peke yake. Vibanda vya kuingiza nyimbo na filamu kwenye memori kadi vipo kila mtaa, na kwa fedha kidogo sana mtoto anarudi na mafaili mengi ambayo hata mwenye kibanda hajui yote ni nini. Mwombe mtoto aiweke kadi kwenye simu yako kabla ya kuanza kuitazama, na mzungumze na kijana wa kibanda kwa adabu, maana naye ana wadogo zake.

Simu ya mtumba nayo isiingie mkononi mwa mtoto kabla ya kufutwa yote na kurudishwa kama ilivyotoka kiwandani. Nimewahi kuona simu iliyonunuliwa hapa mjini ikiwa bado na akaunti na picha za mwenyewe wa kwanza.

Mtu anamtisha binti yangu kwamba atasambaza picha yake. Nifanye nini?

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu ndipo nyumba zetu zinapoumia zaidi na ndipo nilipojifunza kwa uchungu.

Kuna binti wa miaka 12 aliyekuwa akisoma kwetu, hodari wa tajwidi. Mwaka huo, katikati ya Ramadhani, akawa hafuturu. Anakaa jamvini, anaimega tambi, anaizungusha sahanini, anaiacha. Aliyemwona ni bibi yake. Aliona kwamba simu ya mama mtu, aliyokuwa akiitumia binti kwa masomo, inalazwa kifudifudi kila ikitetema, na mtoto anaibana kwa goti. Bibi akamwambia kwa ule utani wao, "Mke mwenzangu, huyo anayekupigia kila tukila ni nani asiyejua kama ni magharibi?" Mtoto akaangua kilio. "Bibi, ukimwambia mama, baba ataniua."

Kilichotokea ni kwamba mtu aliyejiita Zuhura, mwanafunzi wa chuo kingine, alikuwa akiandikiana naye kwa wiki tatu kuhusu kuhifadhi Juzuu Amma. Kisha "Zuhura" akaomba picha ya nywele zake zilizosukwa, akisema sote ni wanawake hakuna haramu. Binti akaituma. Kesho yake mtu huyo akaandika kwamba picha hiyo itakwenda kwa baba yake na kwenye grupu la chuo, isipokuwa atume nyingine, na safari hii akaeleza ni ya namna gani.

Tazameni jinsi silaha yenyewe ilivyokuwa ndogo. Kwingine mtishaji hutafuta picha ya uchi. Katika nyumba zetu kichwa kisicho na ushungi kinamtosha kuanzia, kwa sababu anajua mtoto anaiogopa hasira ya baba kuliko anavyomwogopa yeye. Nguvu yote ya mtu yule ilitoka kwetu sisi wazazi, katika yale tuliyokwisha kuyasema mezani kuhusu mabinti wa watu wengine waliopatikana na picha. Kwa hiyo kinga kubwa ninayoijua ni maneno ambayo mzazi huyatamka mapema, kabla ya lolote kutokea: "Ukikosea, hata ukikosea sana, njoo kwangu kwanza. Sitakupiga, na sitakutangaza." Hadithi iliyo katika Sahihi Muslim inasema anayemsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na Akhera, na sijui ni Muislamu gani anayestahiki sitara yako kabla ya mwanao.

Likishatokea, fanyeni hivi. Msimlipe mtishaji na msimtumie chochote, maana akipewa kimoja hudai cha pili. Msijibizane naye na msimtukane. Msiyafute mazungumzo, kwa sababu ndiyo ushahidi. Hifadhini namba, jina la akaunti na tarehe, kisha mzuieni. Kama kuna picha ya utupu ya mtoto, msimrushie yeyote, hata mjomba anayetaka kuthibitisha, bali pelekeni simu yenyewe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la Jeshi la Polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtia hatiani anayesambaza picha chafu za mtoto, na haimtazami aliyeanza peke yake. Ipo pia namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo hupigwa bila malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Kwa picha za utupu za aliye chini ya miaka 18, kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaodhulumiwa, kiitwacho NCMEC, kina huduma ya bure iliyoanza mwaka 2023, inayoitwa Take It Down, katika takeitdown.ncmec.org. Picha haitoki kwenye simu yenu. Kinachotumwa ni alama ya tarakimu inayotokana na picha hiyo, na mitandao iliyojiunga, Facebook, Instagram na TikTok zikiwamo, huitumia alama hiyo kuitambua picha na kuiondoa. Hakuna anayeuliza jina.

Binti yule yuko kidato cha pili sasa. Baba yake alipoambiwa, alikaa kimya muda mrefu, kisha akamwita, akamwambia amletee maji ya kunywa. Alipoyaleta akamwambia akae karibu naye. Hayo ndiyo yote aliyoyafanya usiku ule, na mtoto akala daku.

Mwanangu wa kiume amekutwa akitazama picha chafu. Nimwadhibu vipi?

Kwanza niseme kwamba mabarobaro tunawasahau. Mabinti tunawawekea ulinzi, na wavulana tunawaachia uwanja, ilhali katika Suratun Nur amri ya kuinamisha macho imewatangulia wanaume katika aya ya 30, na wanawake wamefuata katika aya ya 31.

Kuhusu adhabu, kumbuka kisa alichokipokea Abu Umama, kilichomo katika Musnad ya Imam Ahmad. Kijana alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akaomba aruhusiwe kuzini. Watu wakamkemea. Mtume akamsogeza karibu, akamkalisha, akamuuliza kama angeliridhia jambo hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, kwa shangazi yake. Kisha akamwekea mkono na kumwombea dua. Ikiwa aliyeomba ruhusa ya zinaa alikalishwa na kuulizwa kwa upole, aliyetazama picha kwa sababu rafiki yake alimrushia naye anaweza kukalishwa na kuulizwa.

Muulize alianzaje, kama aliletewa au alitafuta, kama kuna mtu mzima anayempa. Mwambie kwamba yale anayoyaona hutengenezwa kwa kuuzwa, na kwamba mwili wake kusisimka si dalili kwamba yeye ni mwovu. Zamani mambo haya yalisemwa na somo, yaani kungwi, kwa binti, na kwa mvulana na babu au mjomba wakati wa jando. Leo wote wamenyamaza, na kimya chao kimejazwa na simu. Baba ukishindwa, mtafute mjomba mwenye heshima. Simu iondoke chumbani usiku, kwa wote, wewe baba ukiwamo.

Anacheza gemu na sasa anaomba namba ya siri ya M-Pesa. Kuna ubaya?

Usimpe, awe na umri wowote. Gemu nyingi ni za bure kuanza, kisha huuza silaha, nguo na almasi za kuchezea kwa fedha halisi. Weka mipangilio ya Google Play idai nywila yako kwa kila ununuzi.

Hatari kubwa zaidi ni kubeti. Vijana huita mkeka, na kwa jina hilo la kirafiki tunasahau kwamba ni ile kamari iliyotajwa pamoja na pombe katika aya ya 90 ya Suratul Maida. Sheria za nchi nazo haziruhusu aliye chini ya miaka 18. Watoto hutumia laini za kaka zao au za wazazi, kwa hiyo piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na usishangae ukikuta usiyoijua. Zikija jumbe za kitapeli za "tuma kwenye namba hii", itume namba ya tapeli kwenda 15040.

Mwalimu anamfundisha mtoto Qurani kwa simu ya video. Tuchukue tahadhari gani?

Masomo haya yana kheri nyingi, na ninawajua watoto waliohifadhi kwa njia hiyo. Sharti ni kwamba somo lifanyike sebuleni, sauti ikisikika, mlango ukiwa wazi, na namba anayoitumia mwalimu iwe ya mzazi. Sheikh wa kweli hataudhika. Mimi mwenyewe simwandikii mwanafunzi usiku wala simwandikii peke yake. Nikiwa na neno naliandika kwa mama yake.

Ninayasema haya nikijua yanauma, kwa kuwa tumefunzwa kuwaheshimu waalimu na jamaa wakubwa bila kuhoji. Lakini mtu mzima yeyote, awe ustadh, binamu au jirani anayeleta zawadi, akimwambia mtoto "haya yawe ya mimi na wewe tu", mtoto ajue kwamba neno hilo lenyewe ndilo la kuja kukuambia, na kwamba hatakuwa amevunja adabu.

Anasikiliza mawaidha ya masheikh nisiowajua mtandaoni.

Msikilize pamoja naye. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inaamrisha kuthibitisha habari kabla ya kuitendea kazi. Mhubiri anayewakufurisha Waislamu wenzake, anayemtaka kijana ajitenge na wazazi na msikiti wake, au anayemwalika kwenye grupu la siri, jina lake lipelekwe kwa imamu wa mtaa siku hiyo hiyo.

Je, sisi wazazi turushe picha za watoto wetu kwenye stetasi?

Picha ya khitma, mtoto anapohitimu Qurani, ni furaha, na sisemi isipigwe. Lakini itazame kama mgeni angeitazama. Nembo ya shule inaonekana kifuani, jina kamili liko kwenye cheti alichokishika, kibao cha chuo kiko nyuma yake, na chini umeandika kwamba humaliza saa kumi na moja. Umempa asiyekujua kila alichokihitaji. Rusha picha ya cheti na mikono iliyokishika, au mtumie bibi na shangazi peke yao. Na mtoto aliyekwisha kupata akili, muulize kama anaridhia. Akikataa, mwitikie, naye atajifunza kwamba neno "hapana" kuhusu mwili na sura yake lina uzito.

Likizo anakwenda kwa bibi yake Pangani, ambaye hajui lolote kuhusu simu.

Bibi hahitaji kujua simu. Mwombe mambo mawili tu. Isha ikiadhiniwa simu iingie kwenye kabati lake pamoja na khanga zake, na ufunguo ukae naye. La pili, akimwona mjukuu anakula kidogo, anaamka usiku, au anaificha simu anapopita, asimgombeze bali akae naye akichambua mchele, mpaka mtoto aseme mwenyewe. Kisha akupigie.